Machinjio Bora ya Jamhuri ya Heko

Mtuwie radhi, ninyi wa nchi nyingine, tukijisifu kidogo. Katika Jamhuri ya Heko kujisifu ni wajibu wa kila raia mwenye akili timamu, na asiyejisifu huitwa ofisini aeleze anaficha nini. Kwa hiyo nitawasimulia jinsi Machinjio Kuu ya Taifa ilivyogeuka kuwa mahali pa kazi panapoboreka kila kukicha, na jinsi mwanamke mmoja, Mashavu Chande, alivyotaka kutuharibia.

Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa Afisa Makofi wa machinjio ile. Kazi yangu ilikuwa kuanza kupiga makofi kabla ya wengine na kuacha baada yao. Wapo waliosema cheo hicho hakina maana. Hao hawajawahi kukaa kwenye mkutano ambao kiongozi amenyamaza na hakuna anayejua kama amemaliza au anavuta pumzi.

*

Tuanze na ng'ombe. Ng'ombe akichinjwa hutoa damu. Hilo ni kosa la ng'ombe, si la serikali. Tangu zamani damu ile ilikuwa ikipita kwenye vijifereji, ikakusanyika katikati ya ukumbi wa kuchinjia, ikaingia kwenye tundu moja pana na kwenda zake nje kwenye shimo. Mwaka ninaousema, tundu likaziba.

Damu ikabaki na sisi. Ikachanganyika na samadi, na nyongo, na maji ya utumbo, na kufika adhuhuri ilikuwa imeganda kama ini. Ukikanyaga huku, inatetemeka kule. Nzi wa kijani waliishi juu yake raha mustarehe, wakazaa na kuoza wajukuu. Uvundo haukukubali kukaa ndani. Ulitoka getini bila kuonyesha kitambulisho, ukaingia mjini, ukakaa kwenye mashuka yaliyoanikwa na kwenye nywele za wanafunzi. Watu wa mtaa wa pili walikuwa wakila wali wamejifunga vitambaa puani, wanafunua kidogo, wanatia tonge, wanafunika.

Mashavu alikuwa mkuu wa wakaguzi wa nyama, mwanamke wa kimo, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Muhuri wa zambarau ulioning'inia kiunoni mwake ndio ulioamua nyama ipi iende sokoni na ipi ichomwe moto. Alikwenda kwa mkurugenzi aliyekuwepo, akamwambia, "Tundu limeziba."

"Tutalifanyia kazi," alisema mkurugenzi, akastaafu.

*

Badala yake tukaletewa Dkt. Sifaeli Kanyagio. Huyu alikuwa ametoka ng'ambo kwenye kozi ya uongozi, na alirudi na cheti kikubwa hivi kwamba mlango wa ofisi ulibomolewa kidogo ili kiingie. Siku aliyoripoti alitukusanya wote ukumbini tusimame duara, miguu yetu ndani ya ile damu. Yeye alipanda kwenye jukwaa la mbao alilotengenezewa, akaweka leso yenye manukato puani, akahutubia kupitia leso.

"Ndugu wafanyakazi! Nimekuja kujenga utamaduni. Utamaduni wa kuboresha! Kuboresha jana, kuboresha leo, kuboresha daima, isipokuwa Jumapili na sikukuu za serikali! Mahali pa kazi pasipoboreka panaoza!"

Nikaanza makofi. Nzi waliruka wote kwa pamoja, wakatua tena.

"Kuanzia leo," akaendelea, "kila asubuhi tutakuwa na Duara la Uboreshaji. Kila mmoja atatoa wazo. Kiongozi bora ni masikio! Mimi ni masikio yenu!"

Mashavu akanyoosha mkono. "Tuzibue tundu."

"Mmeona?" Dkt. Kanyagio aliruka kwa furaha, mbao zikalia. "Mmeona utamaduni unavyozaliwa? Wazo zuri mno! Limepokelewa!"

Kesho yake tukakusanyika tena. Mashavu akanyoosha mkono. "Tuzibue tundu."

Uso wa Mkurugenzi ukanywea. "Bi. Mashavu, hilo ulilisema jana. Ukirudia wazo la jana, leo umeboresha nini?"

"Nimeboresha sauti, Mkurugenzi. Leo nimesema kwa nguvu zaidi."

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa kicheko hakikuwa kwenye majukumu yangu.

*

Wenzetu wengine walikuwa wepesi wa kuelewa. Kijana mmoja wa masjala alipendekeza neno "uvundo" lisitumike tena, badala yake tuseme "harufu ya uzalishaji". Likapita. Mwingine akasema ng'ombe wasiitwe ng'ombe, waitwe "wadau wa awali", maana bila wao hatuna shughuli. Likapita. Mbaruku, mchinjaji wetu hodari, mtu mnene mcheshi, baba wa mapacha, alisema kwa utani kwamba tuimbe tunapochinja ili wadau wa awali wasiogope. Aliposikia limepita alishika kichwa. Kesho yake ilibidi atunge wimbo, na kwa kuwa alikuwa na sauti nzuri, kusema kweli ulipendeza.

Damu nayo ilikuwa inapanda. Ilipofika vifundoni, tukapewa gambuti fupi za mpira. Ilipozivuka gambuti fupi, tukapewa ndefu za magotini. Ilipokaribia magoti, zikaletwa za mapajani, zenye kamba za kufunga kiunoni, na Dkt. Kanyagio akazizindua kwa kukata utepe.

"Niambieni," alisema kutoka jukwaani, "ni machinjio gani katika nchi jirani yenye gambuti ndefu kama hizi? Hakuna!"

Makofi. Jukwaa lake nalo likaongezwa kimo. Seremala wa machinjio ndiye mtu pekee aliyekuwa na kazi isiyokwisha.

Ikawa sasa nyama ikiponyoka kwenye kulabu inazama. Vijana wanaitafuta kwa miguu, wanaiopoa, wanaitundika tena ikichuruzika uji mweusi wenye funza. Mashavu akagoma kuipiga muhuri. Akarudisha minofu mizima mizima, mpaka mabucha ya mjini yakaanza kulalamika. Akaitwa jukwaani.

"Bi. Mashavu, unarudisha nyuma uzalishaji."

"Mkurugenzi, hii nyama inanuka kabla haijafika mlangoni. Watu watakufa."

"Wewe unaona tatizo. Kiongozi anaona fursa." Dkt. Kanyagio akafumba macho, akayafumbua. "Kwani nyama inachafuka lini? Baada ya kuchinjwa. Kabla ya hapo ni safi?"

"Kabla ya hapo ni ng'ombe!"

"Basi muhuri upigwe mapema. Mdau wa awali apigwe muhuri akiwa hai, msafi, getini."

Hivyo ndivyo ikawa. Ng'ombe wakawa wanaingia kwa miguu yao wameandikwa ubavuni INAFAA KWA CHAKULA CHA BINADAMU, wanatazama huku na huku. Wageni kutoka nchi rafiki walikuja kujifunza.

"Na mimi sasa nakagua nini?" aliuliza Mashavu.

"Unakagua moyo wa kazi," alijibiwa.

*

Mbaruku alianguka asubuhi moja katikati ya Duara, Mkurugenzi akiwa anahutubia juu ya umuhimu wa usalama kazini. Alikuwa amebeba paja zima la ng'ombe begani, kwa sababu kazi ilikuwa haisimami kwa ajili ya hotuba. Mguu uliteleza juu ya donge la damu, akaenda chini, paja likamwangukia mgongoni. Sote tulimwona akizama. Hakuna aliyejua kama tunaruhusiwa kutoka kwenye duara.

Mashavu hakuuliza. Aliingia, akajitupa magotini, akawa anapapasa. "Nisaidieni! Mnatazama nini? Nisaidieni!" Ndipo wachinjaji wakakimbia. Walipolitoa lile paja na kumgeuza Mbaruku, mdomo na pua vilikuwa vimejaa. Mashavu aliingiza vidole akavichokonoa, akamtoa madonge kooni mpaka akakohoa. Hapo juu hotuba ilikuwa imefika kwenye hitimisho.

Mbaruku alipelekwa hospitali akiwa hai. Yale aliyoyavuta yalimwozea kifuani. Mashavu alikwenda kumwona kila jioni, na mara ya mwisho Mbaruku alimwambia, kwa sauti ambayo haikuwa tena ya kuimba, "Dada, mimi hapa kila kitu kinaninukia uvundo wa kule. Hata maji ya kunywa." Wiki ile ile akafariki.

Dkt. Kanyagio alikuja mazikoni na spika mbili. Alisimama kando ya kaburi akasema, "Tusimlilie ndugu yetu. Aliishi akiboresha. Leo nasema Mbaruku hakufa. Mbaruku ameboreka!"

Akanyamaza, akanitazama. Nikaanza makofi. Mara ile niliyaanza peke yangu, na nikayamaliza peke yangu.

Mjane alikabidhiwa rambirambi ya taasisi: jozi moja ya gambuti mpya za mapajani, saizi ya marehemu. Alizipokea kwa mikono miwili kama ilivyo heshima, akabaki amezishika, hajui aziweke wapi.

*

Jumapili iliyofuata Mkurugenzi alikuwa amesafiri kwenda hoteli moja ya ufukweni kupokea tuzo ya Kiongozi Mwenye Masikio. Mashavu akapita nyumba kwa nyumba. Hakuhutubia. Alisema tu, "Leo twende tukazibue," na watu wakachukua ndoo.

Mimi nilikwenda ili kuwe na mwakilishi wa uongozi.

Walichota damu ile kwa ndoo, kwa masufuria, kwa zile gambuti zenyewe. Ikawa inatoka nje inamwagwa shimoni, mnyororo wa watu, na kila ndoo ilivyozidi kwenda chini ndivyo ilivyozidi kunuka. Wapo waliotapika ndani ya ndoo wakaipokeza hivyo hivyo. Tundu lilipoonekana, Mashavu alivua aproni, akalala kifudifudi, akaingiza mkono na kulabu mpaka begani, shavu lake limelala kwenye ule uji.

"Nimekishika," akasema. "Nivuteni miguu."

Wakamvuta. Kikatoka kitu kirefu, cheusi, kinachochuruzika, kimejaa funza wanene kama vidole vya mtoto. Walipokimwagia maji ikaonekana ni fulana. Nyuma yake nyingine, na nyingine, na kofia, na mabango ya kitambaa. Zilikuwa za kampeni ya mkurugenzi aliyestaafu. Kwenye fulana moja maandishi yalikuwa bado yanasomeka: TUBADILIKE SASA. Mzee mmoja wa bohari akakumbuka kwamba kulikuwa na Siku ya Kutupa Visivyohitajika, watu waliambiwa watupe kila kitu kabla ya saa ya chakula cha mchana, na tundu lilikuwa karibu.

Fulana ya mwisho ilipotoka, tundu lilibeua. Beuo refu, zito, la mtu aliyekula harusini. Kisha likaanza kuvuta. Maji yalizunguka, yakaenda, na chini yake ikatokea sakafu. Ilikuwa ya vigae vyeupe.

"Kumbe nyeupe!" alisema mchinjaji mmoja aliyeajiriwa karibuni, akachuchumaa, akaigusa kwa kiganja. Mashavu alikaa pale pale chini, ananuka kuliko sisi wote, akalia kwa kwikwi. Watu wakamwacha alie.

*

Jumatatu Dkt. Kanyagio aliingia na tuzo yake kwapani. Akapanda jukwaani. Jukwaa lilikuwa limejengwa kwa ajili ya kina kile cha damu, na sasa damu haipo, akawa yuko juu kule karibu na dari, anazungumza na sisi kama muadhini. Alitazama sakafu muda mrefu.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," alisema Mashavu.

Iliundwa kamati ya nidhamu hapo hapo, mwenyekiti akiwa Mkurugenzi, katibu Mkurugenzi, na mimi mjumbe wa makofi. Shitaka lilisomwa: kumaliza tatizo bila kibali.

"Bi. Mashavu, unajua maana ya uboreshaji endelevu?"

"Ni wa kila siku."

"Wa kila siku! Hausimami! Sasa kama tundu limezibuka, kesho tutaboresha nini? Keshokutwa je? Umeukata utamaduni kwenye shina!"

"Mkurugenzi, sakafu ni kavu. Nyama ni safi. Hakuna atakayekufa tena kama Mbaruku."

"Ubinafsi!" Alipiga mbao za jukwaa. "Unajua kwamba Mheshimiwa Waziri anakuja na wafadhili kuzindua Mpango wa Taifa wa Kupunguza Kina cha Damu? Kidole kimoja kila mwaka, mpaka wajukuu zetu! Sasa Waziri aje azindue nini? Vigae?"

Mashavu alitazama sakafu. Akasema, "Ndiyo. Azindue vigae."

Hukumu ilikuwa ya huruma: aombe radhi hadharani mbele ya Waziri.

*

Siku ya uzinduzi palifungwa vitambaa, bendi ya polisi ikaja, na Waziri wa Maendeleo ya Maendeleo akaletwa na msafara uliojaza barabara nzima. Itifaki ilitaka jiwe la msingi liwekwe katikati kabisa ya ukumbi. Katikati kabisa ya ukumbi pana tundu. Hakuna aliyeona tatizo. Jiwe lilikuwa la marumaru, limechongwa jina la Waziri, na lilikaa pale mdomoni kama lililozaliwa pale. Waziri akapewa mwiko mpya, akasakafia kwa zege kuzunguka pande zote, akifurahia kama mtoto anayechezea tope.

Kwa heshima yake wakachinjwa madume wa kutosha. Damu ikaja mbio kwenye vijifereji, ikafika kwenye jiwe, ikasita, ikaanza kutanda. Ililowesha viatu vya wafadhili. Waziri akainua suruali. Kisha akapanda kiti.

"Sasa naiona changamoto!" alisema kwa hisia. "Naiona kwa macho yangu mawili! Nani alisema Mpango huu si wa lazima?"

Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Ikafika zamu ya Mashavu. Alisimama mbele ya kipaza sauti, amevaa aproni safi.

"Naomba radhi," alisema. Dkt. Kanyagio akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Namwomba radhi Mbaruku. Nililijua hili tundu tangu siku ya kwanza. Mikono nilikuwa nayo. Nikawa nanyoosha mkono mmoja kila asubuhi kuomba ruhusa, kumbe ningeutia huo huo humu ndani. Nilingoja kibali, na yeye akafa. Naomba radhi kwa mjane wake na watoto wake. Kwenu ninyi sina radhi ya kuomba."

Nilijua ni wakati wangu, lakini sikujua nipigie upande gani.

Mashavu akafungua kamba kiunoni, akatoa ule muhuri wa zambarau, akamwendea Waziri pale juu ya kiti na kumtia mkononi. "Kagua wewe, Mheshimiwa. Nyama hii jioni inaingia majumbani."

Waziri alidhani ni zawadi. Akauinua juu watu wauone, akaushukuru uongozi wa machinjio kwa ukarimu, akaahidi kuuweka ofisini kwake karibu na kinyago alichopewa na wavuvi. Hapo nikapiga makofi. Mashavu alikuwa tayari ameshavuka lango, miguu mitupu, amebeba gambuti zake mkononi, na akazitupa kwenye pipa la nje.

*

Mpango unaendelea vizuri. Kina cha damu kimepanda, na wataalamu wanasema hiyo ni dalili kwamba kina nafasi kubwa ya kushuka. Dkt. Kanyagio amepandishwa cheo. Sasa anasimamia machinjio yote ya nchi pamoja na hospitali zote, ili mteja akitoka huku asipotee njia kwenda kule.

Mashavu amefungua kibanda ng'ambo ya barabara, mkabala na lango letu. Anauza maharage ya nazi na chapati. Mjane wa Mbaruku ndiye anayesukuma chapati. Kuna benchi moja tu, na upepo ukigeuka uvundo unapita juu ya sahani, lakini foleni haikatiki, kwa sababu mjini watu wameacha kula nyama bila kuambiwa na mtu. Nami huenda pale saa ya mapumziko. Mashavu hunipakulia kama anavyompakulia mtu yeyote, bila kunitazama usoni.

Juzi, nikiwa nimekaa, likaja gari jeusi lenye bendera. Dereva wa Dkt. Kanyagio, bwana mmoja mpole aitwaye Tindwa, akashuka na hotpoti ya fedha, akaivuka foleni, akainama dirishani.

"Shikamoo, mama," akanong'ona. "Bosi anaomba maharage. Na chapati laini. Nyumbani kwake hawajala nyama tangu alipoletwa hapa machinjioni, na samaki nao wamewachosha. Ila anaomba hili lisisikike."

Kwenye foleni watu wote walisikia. Mashavu aliweka upawa chini.

"Mwambie maharage yapo. Aje mwenyewe, ashike foleni, akae kwenye hilo benchi, ale huku ananusa."

"Mama, unajua hawezi."

"Basi alale njaa."

Tindwa alirudi mpaka kwenye gari. Akafungua mlango, akasimama nusu ndani nusu nje, akitazama hotpoti, akitazama lango letu ambako ng'ombe walikuwa wanaingizwa wakiwa na alama za muhuri mpya ubavuni. Ndani ya gari simu ikaanza kuita. Ikaita, ikakatika, ikaita tena. Tindwa akaiacha hotpoti kitini, akafunga mlango, simu ikiwa inalia ndani, akaja akasimama nyuma ya mtu wa mwisho kwenye foleni. Zamu yake ilipofika akaagiza sahani moja, akaja kukaa kando yangu kwenye benchi, akavunja chapati, akala.